Je, mpako wa nyonga bandia hubanduka?

Swali: Mama yangu ana miaka 66 na nyonga yake ya kulia imekwisha kabisa. Tumeambiwa abadilishiwe, na daktari ametaja aina mbili: inayogandishwa kwa simenti, na ya titani iliyopakwa "kitu kinachofanana na mfupa". Hapa Tanga bati la geji 30 tuliloezekea jiko la nje limeanza kutoboka, na kikaango changu cha kutoshika kilibanduka hata mwaka hakijafikisha. Huo mpako wa nyonga nao si utabanduka? Na chuma chenyewe hakishiki kutu humo mwilini? Kinachonitisha zaidi, mama akivaa heleni za kupaka dhahabu anawashwa mpaka masikio yanatoa maji. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, mpe mama shikamoo. Kwanza ujue unaongea na nani: mimi ni mtu wa metali, si daktari wa mifupa. Naweza kukueleza kile kipande kinachoingia mwilini kimeundwaje na kinaharibikia wapi. Kama mama apasuliwe au asubiri, hilo ni lenu na daktari wake.

Maswali yako yamefungana, na fundo lake liko mahali pamoja. Umechukulia kwamba mpako wa nyonga umewekwa kuzuia kutu, kama zinki ya bati. Kinachozuia kutu kwenye titani hakikupakwa na mtu yeyote, na hao waliopaka kile "kinachofanana na mfupa" walikuwa na shida nyingine kabisa kichwani. Tuyatenganishe.

Hofu yako ya kutu ina msingi. Maji ya mwili ni maji ya chumvi: lita moja ya majimaji ya damu ina kloridi karibu milimoli 100, kiasi cha sehemu moja ya tano ya iliyomo katika maji ya bahari. Ongeza joto la nyuzi 37 usiku na mchana, na siku za mwanzo baada ya upasuaji ambapo kidonda huwa na asidi kuliko kawaida. Jiko lenu angalau hupata kiangazi likakauka. Humo ndani hakukauki hata siku moja. Madaktari wa zamani waliyaona matokeo yake. William Arbuthnot Lane wa London, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, aliunga mifupa kwa vibao vya chuma cha kawaida, na vibao hivyo vililiwa na kutu ndani ya miguu ya wagonjwa. Stenlesi ilikuja miaka ya 1920. Miaka ya 1930 ukafuata mchanganyiko wa kobalti na kromi, ambao watu wa mifupa waliuazima kwa mafundi wa meno.

Bati hulindwa kwa kafara. Zinki iliyo juu huliwa kwanza ili chuma cha chini kibaki, na hata palipokwaruzwa zinki ya jirani hujitoa. Ndiyo maana ukingo wa bati jipya hauanzi kutu siku ileile ingawa umekatwa na chuma kiko wazi. Ila kafara huisha. Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku, zinki inapungua, na ikishakwisha chuma chembamba hakina muda. Tukiwa hapo hapo: geji uliyoitaja inapima unene wa bati, haikuambii chochote kuhusu unene wa zinki. Mkiezeka tena, muulize muuzaji zinki ni gramu ngapi kwa mita ya mraba, na akibaki anakukodolea macho nenda duka linalofuata.

Kafara haifai kwa nyonga. Huwezi kumwekea mtu kitu kinachoyeyuka kila siku kwa miaka 20. Zipo skrubu za magnesi zilizobuniwa ziyeyuke mfupa ukishaunga, lakini hizo ni ndogo na kazi yake ni ya muda.

Titani hujikinga kivyake. Ikigusana na oksijeni, iwe ya hewani au iliyoyeyuka katika majimaji ya mwili, uso wake hugeuka papo hapo kuwa oksidi: utando wa nanomita 2 hadi 7 hivi. Unywele mmoja una nanomita makumi ya maelfu, kwa hiyo huo ni wembamba ambao jicho haliuoni kabisa. Hata hivyo kloridi haiwezi kuupenya. Daktari akiukwaruza kwa chombo wakati wa upasuaji, unajiziba kabla hajanyanyua mkono. Na kubanduka kama rangi hauwezi, kwa sababu haukubandikwa. Ni titani yenyewe iliyobadilika.

Huenda siku moja ukaona skrubu za titani za bluu, za zambarau au za rangi ya dhahabu ukadhani zimepakwa. Hazina tone la rangi. Zimetumbukizwa katika maji yenye kemikali na kupitishiwa umeme mpaka utando uleule wa oksidi ukanenepa, na mwanga ukipita humo unatoka na rangi. Karibu na volti 30 unapata bluu. Ukipandisha hadi 50 au 60 unaelekea kwenye dhahabu. Watengenezaji huzitumia rangi hizo kumsaidia daktari asichanganye saizi.

Stenlesi nayo ina utando wake, wa oksidi ya kromi, ila una udhaifu unaostahili kuujua, kwa sababu Watanzania wengi wenye vyuma miguuni baada ya ajali za bodaboda wana stenlesi. Kibao cha stenlesi kikitolewa mguuni baada ya miaka, kiweke mezani chini ya taa. Kwa juu kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Tazama sasa ndani ya matundu, pale kichwa cha skrubu kilipokuwa kimekaa: mara nyingi unakuta pete ya kahawia au nyeusi, na ukitumia lenzi unaona vijishimo kwenye pete hiyo. Mwanya kati ya skrubu na kibao ni mwembamba mno, oksijeni haifiki, utando hauwezi kujitengeneza, kloridi inajikusanya na maji ya humo yanageuka kuwa asidi. Juu ya hayo mgonjwa akitembea, skrubu inasugua kibao kidogo kidogo na kuukwangua utando uliobaki. Madaktari watakuambia kwamba wakati mwingine hata nyama ya jirani wanaikuta imepata weusi.

Hilo lisikutishe. Mfupa uliovunjika unahitaji msaada wa miezi, na kwa kazi hiyo stenlesi inatosha. Misumari ya SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999, ambayo imeunga mapaja na miundi ya watu wengi Muhimbili na katika hospitali nyingine za Afrika Mashariki, ni ya stenlesi na imefanya kazi nzuri sana. Nyonga ya kutembelea miaka 20 ni hesabu nyingine.

Na ukitaka kujua ni wapi mimi ningeogopa kutu kwenye nyonga ya kisasa, ni kwenye koni. Shina linaloingia ndani ya paja lina shingo yenye ncha ya koni, na tufe la kichwa linasukumwa juu yake mpaka likabana. Hapo pana mwanya, pana chumvi na pana msuguano wa kila hatua, yaani kila kilicholiharibu tundu la skrubu. Tufe likiwa la kobalti na kromi, kutu ya hapo imewahi kuwaletea watu maumivu na uvimbe miaka kadhaa baada ya upasuaji. Tufe la seramiki linapunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Shina na tufe vitoke kwa mtengenezaji mmoja, na koni ifutwe ikauke kabla ya kubana. Daktari mzuri anayajua haya, lakini si vibaya ukauliza.

Sasa mpako wenyewe. Titani na mfupa wanapatana hata bila mpako. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua hilo mwaka 1952 akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titani viligoma kutoka, mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 aliweka mizizi ya meno ya titani kwa mgonjwa wa kwanza. Lakini mfupa una masharti. Unataka ukaribu, na unataka utulivu. Shina likicheza ndani ya paja zaidi ya kama mikromita 150 kwa kila hatua, yaani sehemu ya saba hivi ya milimita, mfupa unakata tamaa na mahali pake panaota nyama ya nyuzinyuzi. Shina lililozungukwa na nyama hiyo halishiki tena, na maumivu yanarudi. Wiki za mwanzo ndizo zinazoamua.

Hapo ndipo hidroksiapatiti ilipoingia. Jina ni refu, mambo yenyewe ni mepesi: ni madini ya kalsiamu na fosfeti, ndugu wa karibu kabisa wa madini yanayofanya mfupa wako uwe mgumu. Seli za mfupa zikiikuta hazingoji, zinaanza kujenga juu yake, na mfupa huweza kuvuka hata pengo dogo kulifuata shina. Ronald Furlong wa London aliweka shina la namna hiyo mwaka 1985. Mwaka 1986 wakafuata Rudolph Geesink wa Uholanzi na kundi la madaktari wa Ufaransa waliobuni shina la Corail, ambalo mpaka leo ni miongoni mwa mashina yanayotumika sana duniani.

Namna ya kuipaka ndiyo inayojibu swali lako la kubanduka. Shina la titani hupigwa kwanza kwa chembe za oksidi ya alumini zinazorushwa kwa hewa ya kasi, mpaka uso unaacha kung'aa na ukiupitishia kucha unakwaruza. Kisha linawekwa mbele ya bomba la plasma: gesi, aghalabu argoni, inapitishwa katikati ya cheche ya umeme na joto lake linavuka nyuzi 10,000. Unga wa hidroksiapatiti unamwagwa ndani ya mwali huo. Kila punje inayeyuka nusunusu, inaruka kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, inagonga titani na kubandikika bapa. Inayofuata inaangukia juu yake. Umewahi kuona nyumba ikikandikwa, donge la udongo linarushwa, linatandazika, linashika kwenye fito na mawe. Kwenye ukuta laini udongo uleule ungeteremka chini. Mpako huu unashika kwa namna hiyo hiyo. Hakuna gundi. Unashikwa na ukwaru wa uso, basi, na ndiyo maana kiwanda kinachofanya uzembe kwenye hatua ya kupiga chembe hakiwezi kuurekebisha mpako wake baadaye kwa ujanja wowote.

Unene unaokubalika ni mikromita 50 hadi 200. Watu wengi wangesema uongezwe, mpako mnene ni mpako imara. Kinyume chake. Hidroksiapatiti ikipoa husinyaa kuliko titani, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo mpako huzaliwa tayari ukiwa umevutwa. Kadiri unavyonenepa ndivyo mvuto unavyozidi na nyufa zinavyotafuta njia. Tatizo la pili ni kasi ya kupoa. Punje inayoganda ghafla mno haipati muda wa kujipanga katika fuwele. Inakuwa kama kioo, na hiyo huyeyuka upesi mwilini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13779-2 kinashughulikia yote mawili: fuwele zisipungue asilimia 45, na mpako ustahimili kuvutwa kwa angalau megapaskali 15. Kipimo cha kuvuta ni cha kikatili: kipande kilichopakwa kinagundishwa kwenye fimbo kwa gundi kali, mashine inavuta mpaka kitu kiachie. Megapaskali 15 ni sawa na kuning'iniza kilo 150 kwenye sentimita moja ya mraba. Kuna nyakati gundi ndiyo inayokatika kwanza, na mpako unabaki umetulia.

Kwa hiyo, utabanduka? Linganisha maisha yake na ya kikaango chako. Kikaango kimepakwa kitu ambacho sifa yake yote ni kutoshika chochote, kikalazimishwa kushika alumini. Kinapashwa moto na kupozwa kila siku, kinakwanguliwa kwa mwiko na kusuguliwa kwa steliwaya. Mpako wa shina hausuguliwi na kitu baada ya kuingia. Upande mmoja una titani, upande wa pili mfupa unaujengea. Halafu unaisha taratibu, kwa kupenda kwa walioubuni: seli zinazovunja na kujenga upya mfupa, ambazo hata sasa hivi zinafanya kazi katika mifupa yako, zinaumeng'enya kwa miaka, na mfupa unakaa mahali pake ukigusa titani moja kwa moja. Hatari iko pale ambapo kipande kinaachia mapema, au punje zinasafiri hadi kwenye kiungo na kukwaruza plastiki inayobeba tufe. Limewahi kutokea, hasa kwa mipako minene ya mwanzoni.

Na kwa kuwa umekitaja kikaango: John Charnley wa Uingereza, baba wa nyonga bandia ya kisasa, alianza kwa kutumia Teflon, kitu hichohicho cha vikaango visivyoshika, kama kikombe cha nyonga, yaani pale tufe linapokaa na kuzunguka, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilionekana ndiyo yenyewe, utelezi mtupu. Ililika kwa kasi ya kutisha, na unga wake uliuchokoza mwili vibaya. Mwaka 1962 akahamia kwenye plastiki ya polithini yenye molekuli ndefu mno, na ukoo wa plastiki hiyo ndio utakaokuwa ndani ya kikombe cha mama, kama hawatatumia seramiki.

Mfano wa mpako uliobanduka kweli ninao, na nautaja kwa sababu unafundisha kuliko yote niliyosema. Miaka ya 1990 huko Ulaya walijaribu matufe ya nyonga yaliyofunikwa kaboni ngumu inayokaribia almasi. Maabara ilipenda: mpako mgumu, unateleza, haukwaruziki. Mwaka wa kwanza wagonjwa walikuwa salama. Miaka ilipopita, sehemu kubwa yao walirudi mezani kubadilishiwa, mpako umetoka kwa mabaka ya duara. Watafiti wa Uswisi waliochunguza matufe yaliyotolewa waliona kwamba kaboni yenyewe ilikuwa nzima. Kilichooza ni tabaka jembamba la silikoni lililowekwa chini yake ili kaboni ishike metali. Majimaji ya mwili yaliingia kwa vitundu vidogo sana na kulila pembeni, polepole, mpaka almasi ikabaki inaelea. Tangu hapo mtu akinisifia ugumu wa mpako, namuuliza chini yake kuna nini.

Simenti nayo, ile ya kugandishia shina kwenye mfupa na si ya kujengea nyumba, ina kisa chake. Shina la Exeter, lililoanza 1970 katika mji wa jina hilo Uingereza, lilikuwa na uso unaong'aa kama kioo. Mwaka 1976 likabadilishwa likawa na uso uliofifia, kwa mantiki ambayo ungeikubali: simenti itashika vizuri zaidi penye ukwaru. Mashina mengi zaidi yakalegea. Shina la kung'aa, ikaja kueleweka, huzama kidogo ndani ya simenti na kukaza kabari. Lile la ukwaru lilikuwa linacheza na kuisaga simenti. Mwaka 1986 wakarudi kwenye kung'aa, na matokeo yake tangu hapo ni bora kabisa. Unaona jinsi uso unavyotegemea jirani yake: ukitegemea mfupa, ukwaru na mpako, ukitegemea simenti ya aina hiyo, kioo bila mpako wowote.

Basi lipi kwa mama? Hapa nisingependa uende kwa daktari ukiwa umeshikilia mpako kama hirizi. Nchi za Nordiki, ambazo huandikisha kila nyonga inayowekwa, zililinganisha shina la aina moja lenye hidroksiapatiti na lisilo nayo, tofauti ya maana haikuonekana. Na kwa upande wa kikombe, uchambuzi wa Uswidi uliona vilivyopakwa vikilegea zaidi. Corail kwa upande wake imepakwa yote na imedumu vizuri kwa miongo. Maana yake ni kwamba umbo la shina, ufundi wa daktari na ubora wa mfupa vina uzito kuliko hicho kitabaka. Kwa wanawake wenye umri mkubwa na mifupa iliyolegea kwa kupungukiwa kalsiamu, shina la simenti lina faida moja kubwa: paja halipasuki kirahisi wakati wa kulipigilia au miezi ya mwanzo. Mama yuko katika umri ambao jibu linaweza kuangukia upande wowote. Mwulize daktari anaionaje mifupa yake kwenye picha, na yeye mwenyewe ni aina gani anayoiweka mara nyingi. Mkono uliozoea shina moja una thamani.

Masikio ya mama yabadilishe mazungumzo kidogo. Heleni za kupaka dhahabu kwa kawaida ni shaba nyeupe au ya njano, juu yake nikeli, na juu ya nikeli dhahabu ambayo mara nyingi haifiki hata mikromita moja. Tabaka jembamba namna hiyo lina vitundu. Jasho linapita, linayeyusha nikeli, ngozi inakasirika. Ulaya walishaweka sheria kuibana nikeli ya mapambo tangu 1994. Kwa hiyo mwasho wa mama karibu hakika ni nikeli, na hili daktari aambiwe kabla, si baada.

Titani inayotumika kwa mashina ina alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, nikeli hamna ila chembe zisizohesabika. Kobalti na kromi ya kawaida ina nikeli chini ya asilimia 1. Stenlesi ya vibao na misumari ina asilimia 13 hadi 15, na baadhi ya mashina ya simenti, Exeter mojawapo, ni ya stenlesi. Umeona sasa kwamba kuchagua simenti kunaweza kuwa ni kuchagua metali nyingine bila wewe kujua. Swali la kuuliza: "Shina hilo ni la metali gani?" Wakati huohuo usipaniki, maana watu wengi wenye mzio wa nikeli kwenye ngozi wanaishi na vyuma vya namna hiyo bila shida, na kipimo cha kubandika nikeli mgongoni hakitabiri vizuri nani atasumbuka. Ila kama ni kuchagua tu, shina la titani, tufe la seramiki na kikombe cha titani chenye plastiki kitamweka mbali na nikeli kadiri inavyowezekana.

Mtu anaweza kuwauzia wazo la mpako wa nitridi ya titani kwa ajili ya mzio. Ni ule wa rangi ya dhahabu, wa mikromita chache tu, unaowekwa ndani ya chumba kisicho na hewa. Unatumika zaidi kwenye magoti, kwa sababu goti la kawaida ni la kobalti na kromi. Ni mgumu kweli, lakini haijathibitika kwamba magoti yaliyopakwa hivyo yanawafaa wagonjwa kuliko ya kawaida, na bei huwa juu. Kama siku moja mtafika kwenye goti, mimi binafsi ningeuliza kwanza habari za Oxinium: aloi ya zirkoni iliyopashwa moto hewani kupita nyuzi 500 mpaka uso wake ukawa seramiki nyeusi, mikromita 5 hivi. Umeota kutoka ndani ya metali kama utando wa titani, hauna gundi chini yake. Unajua sasa kwa nini hilo linanivutia.

Vijidudu navyo havizuiwi na hidroksiapatiti. Mipako ya fedha ipo, nayo huwekwa zaidi kwenye viungo vikubwa vya wagonjwa waliokatwa mfupa kwa saratani. Kwa nyonga ya kwanza ya kawaida hamtaihitaji. Usafi wa chumba cha upasuaji na dawa ya kuua vijidudu kabla ya kupasua vinafanya kazi hiyo. Meno yaliyooza na vidonda vya miguu vitibiwe kabla ya tarehe, na sukari ya mama ipimwe.

Yaliyobaki ni ya mkononi. Shina lenye hidroksiapatiti linatoka kiwandani limeshatakaswa kwa mionzi, ndani ya vifungashio viwili, na lina tarehe ya mwisho. Likishafunguliwa na kutotumika, halirudishwi kwenye mashine ya mvuke ya hospitali likawekewa mgonjwa mwingine, na anayekuletea shina la bei nafuu lisilo na kifungashio mkatae hata kama ni mjomba. Omba jina kamili la shina na la kikombe mapema, kisha tazama kama vina daraja la ODEP, jopo la Uingereza linalopima ushahidi: ukiona 10A au zaidi, ujue kuna kumbukumbu nzuri za miaka 10 na kuendelea. Ndani ya boksi la kila kipande kuna stika zenye namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili la hospitali. Omba nyingine, ibandike kwenye daftari la mama na uipige picha, kwa sababu daktari atakayelifungua paja hilo baada ya miaka 15 atataka kujua ni tufe la saizi gani linaloingia kwenye koni ile.